Ukuta wa Kusini wa Banda la Ihelanga

Wanaomfahamu Eveline Kikoti mjini Mbeya watakuambia ni mwanamke mpole. Ofisini kwao Mwanjelwa, ghorofani juu ya maduka ya vipuri, yeye ndiye anayewapatanisha wateja na mafundi, na ndiye anayekumbuka nani amefiwa na nani amejifungua. Nyumbani kwake, mtaa wa Soweto, anafuga sungura, na Jumapili anaimba kwaya. Hakuna aliyewahi kumsikia akimtukana mtu. Lakini mpole naye ana yake. Eveline alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemchukia, na alimchukia kwa utulivu, kama watu wa kwetu wanavyotunza shamba la miti: unapanda, unapalilia, unazuia moto, wala huna haraka ya kuvuna.

Mtu huyo aliitwa Silvester Mhema, mwenye duka wa Ihelanga.

Ihelanga ni mji mdogo upande wa Iringa, ukiiacha barabara kuu ya kwenda Mbeya na kupanda kidogo kilimani. Zamani mabasi yote yaliingia mpaka katikati ya mji, kwenye uwanja wa vumbi uliozungukwa na maduka. Duka la Silvester ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na mbele yake palikuwa na baraza pana ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa mpaka ikawa inateleza. Kwenye baraza hiyo ndipo mama yake Eveline, Faustina, alipoweka cherehani yake.

Faustina alikuwa mjane. Mumewe alifia kwenye ajali ya lori la mbao, akamwachia watoto wawili, Kasian na Eveline. Silvester alimruhusu akae barazani kwa sababu mtu akinunua kitambaa hupenda kumwona fundi papo hapo. Wote wawili walifaidika. Mji mzima ulivaa kazi ya mikono ya Faustina: sare za shule, magauni ya komunio, suti za maharusi walioshindwa kwenda kushonesha Iringa mjini.

Siku moja ya mnada, mji umefurika watu, jora la satini rangi ya maziwa likakosekana dukani. Silvester alitoka nje bila kuuliza swali. Alimwambia Faustina asimame, afungue kanga zake, watu waone kama hajaficha kitu.

Faustina alisema, "Baba, mimi leo sijaingia hata mlangoni."

Akaambiwa afungue. Akafungua kanga ya juu, akafungua ya chini, akabaki na shimizi mbele ya wauza mbuzi, mbele ya walimu, mbele ya wanawake aliowashonea nguo walizovaa siku ile. Hakukuwa na kitu. Silvester, badala ya kuona haya, aliisukuma cherehani kwa mguu ikaporomoka kwenye ngazi mpaka topeni. Eveline alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Alipiga magoti kwenye tope akiokota bobini na nyuzi, huku mama yake akijifunga kanga kwa mikono isiyomtii. Mtoto aliinua macho amtafute mtu mzima mmoja wa kusema neno. Watu wazima walikuwa wanatazama mbuzi.

Jora lilionekana baadaye, nyuma ya magunia ya chumvi. Halikuwahi kutoka dukani. Mji ulijua, kwa maana mji mdogo ni kama nyumba isiyo na dari, kikohozi cha chumba hiki kinasikika chumba kile. Silvester hakumtuma mtu kuomba radhi. Alilirudisha jora rafuni, akaliuza, na Pasaka ile watoto wa kike wengi wa Ihelanga waliingia kanisani na magauni ya satini rangi ya maziwa. Eveline aliwatazama kutoka benchi la nyuma. Mpaka leo anasema mahubiri ya siku ile hayakumbuki. Anachokumbuka ni jinsi kitambaa kile kilivyokuwa kinameta.

Faustina hakukaa tena pale. Alishuka Idodi, kwenye joto, njia ya kwenda Ruaha, kwa kaka yake aliyelima mpunga. Kule hakuna aliyejua lolote juu yake. Hakushika tena sindano. Alilima, akasali, na miaka ilivyokwenda akawa mtu wa kuheshimiwa, kiongozi wa jumuiya, mwanamke anayeitwa nyumba ikiingia ugomvi. Eveline alipelekwa Mbeya kwa shangazi yake, akasoma huko mpaka chuo, akawa msanifu majengo. Katika miaka yote hiyo mama na binti hawakuitaja siku ile ya mnada hata mara moja. Eveline aliamini mama yake amenyamaza kama yeye alivyonyamaza, yaani ameiweka mahali pazuri akisubiri.

Mwaka ambao kazi ya Ihelanga ilifika ofisini, mji wenyewe ulikuwa unakata roho. Stendi ilihamishiwa chini kwenye barabara kuu, na wateja wakashuka nayo. Maduka ya juu yalifungwa moja baada ya jingine. Uwanja wa katikati ukabaki wa mbwa na upepo. Ndipo nesi mstaafu aitwaye Verediana, mama mwenye sauti ya kuamrisha wagonjwa, alipowakusanya wenzake wakaunda kamati. Walitaka lijengwe banda kubwa la wazi pale katikati, mahali ambapo akina mama watauza, vijana watacheza drafti, wazee wataota jua, vikao vitafanyika na harusi zitachezwa. Halmashauri ilikubali kuchangia, wazawa waliohama wakachangia, na kamati ikaandikia ofisi ya Mwanjelwa kuomba mchoro.

Mwenye ofisi, mzee Isakwisa, mtu wa Tukuyu asiyependa maneno mengi, alimpa Eveline kazi ile kwa kudhani anampa zawadi. "Si ni kwenu huko?" alimuuliza. Eveline alitaka kukataa. Akajisikia anasema ndiyo.

Alikwenda mwezi wa sita, baridi imekaza na ukungu umelala mpaka saa za chai. Alidhani atakuta mji mzima umekufa. Akakuta sehemu moja tu ina uhai: baraza ya Silvester. Wazee walikuwa wamejipanga pale na makoti yao wakiota jua, wanawake wawili wanauza viazi vya kuchemsha kwenye ngazi, kijana anatengeneza simu. Katikati yao, kwenye kiti chenye mto, alikaa Silvester mwenyewe, nywele nyeupe, amevaa koti refu la kijani, anapokea shikamoo za kila apitaye. Duka nyuma yake lilikuwa karibu tupu. Haikujalisha. Mfalme wa Ihelanga hakutawala kwa duka, alitawala kwa baraza.

Eveline alisimama upande wa pili wa uwanja na kamba yake ya kupimia, na pale pale akajua atafanya nini. Hatamdhuru mzee yule hata ukucha. Atamnyang'anya baraza, na atamnyang'anya kwa haki, kwa mkono wa mji wenyewe, na mji utamshukuru.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kama hajawahi kufanya. Alirudi Ihelanga mara kwa mara, akakaa akatazama. Watu waliipendea nini baraza ile? Aligundua kwamba ilitazama kaskazini, kwa hiyo miezi ya baridi jua liliingia mchana kutwa. Upepo mkali wa kutoka kusini ulizuiwa na duka lenyewe. Ngazi zilikuwa na kimo ambacho mzee mwenye magoti mabovu anaweza kukaa na kuinuka bila kushikwa mkono. Ukuta ulikuwa wa kuegemea. Na aliyekaa pale aliziona njia zote mbili, ya kutoka stendi na ya kutoka kanisani, kwa hiyo hakuna habari iliyompita. Mtu anayempenda mwenzake huona mazuri yake machache. Eveline aliyaona yote ya baraza ile kwa sababu alitaka kuiua.

Siku moja Silvester mwenyewe alimwita. Hakumtambua, angemtambuaje? Alimkaribisha chai, akamwita mwanangu, akamweleza historia ya mji kana kwamba ni historia ya ukoo wake. Eveline alikunywa. Akashangaa kwamba chai ya mtu unayemchukia ina utamu ule ule wa chai nyingine. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza kwa ajili ya kazi, ikiwa pale barazani hapajawahi kuwa na fundi cherehani.

"Alikuwepo mama mmoja, Faustina," Silvester akasema, na uso wake ukalainika kabisa. "Fundi haswa. Nilimpa sehemu akae, nikamtunza. Basi tu, siku moja akaondoka mwenyewe. Watu hawana shukrani, mwanangu, lakini mimi sina kinyongo."

Eveline aliweka kikombe chini polepole. Mtenda husahau, hilo alilijua. Hakujua kwamba mtenda anaweza pia kujitungia kumbukumbu nyingine na kuipenda.

Mchoro alioupeleka kwa Isakwisa ulikuwa mzuri. Hata leo wasanifu wachanga wa ofisi ile huonyeshwa. Nguzo za mbao za paini juu ya misingi ya mawe, paa refu la bati lililoinuka kama mtu anayenyanyua kichwa, mabenchi ya tofali za kuchoma yenye kimo cha magoti ya wazee, meko ya pamoja kwa akina mama wauza chakula, sakafu pana ya kuchezea ngoma. Kaskazini palikuwa wazi kabisa, jua liingie. Kusini palikuwa na ukuta wa tofali, mrefu kuanzia pembe hadi pembe, usio na dirisha wala mlango. Na banda lote halikukaa katikati ya uwanja. Lilisogezwa kusini, karibu na njia iliyopita mbele ya duka la Silvester, na paa lake liliinuliwa zaidi upande huo huo.

Isakwisa aliutazama ukuta ule kwa muda. Alikuwa mtu aliyechora majengo mengi na kuzika chuki nyingi za wateja ndani yake, na kwa kidole aliufuata mstari wa kivuli kwenye karatasi: mwezi wa sita, wa saba, wa nane, jua likiwa kaskazini, kivuli cha paa kingeiangukia baraza ya Silvester kuanzia asubuhi.

"Ukuta huu ni wa upepo au ni wa mtu?" akauliza.

"Ni wa upepo, mzee."

"Upepo gani unaotaka ukuta usio na mlango?"

Eveline alimweleza habari za baridi ya Ihelanga, na kila alichoeleza kilikuwa kweli. Hapo ndipo palikuwa na uzuri wa kisasi chake. Hakikuwa na uongo hata mmoja ndani. Isakwisa alitia sahihi. Kamati ilifurahi. Mama Verediana alisema tangu azaliwe hajaona mtu aliyewaelewa watu wa Ihelanga kama binti huyu.

Banda likaanza kuinuka, na kabla hata bati la mwisho halijapigiliwa, watu walianza kuhama. Kwanza wauza viazi, kwa sababu ya meko. Kijana wa simu akawafuata wateja. Wazee walishikilia kidogo kwa ajili ya heshima, mmoja mmoja, kisha asubuhi moja ya ukungu wakajikuta wote wamekaa kwenye mabenchi ya tofali na migongo yao imeegemea ukuta, jua usoni. Upande wa pili wa ukuta ule ule alikaa Silvester kwenye kiti chenye mto, ndani ya kivuli, akisikia vicheko asivyoviona. Eveline alikuja kukagua gata za maji ya mvua, akamwona. Alikagua gata kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi.

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa kama siku za mnada wa zamani. Watu walitoka hata Mafinga. Viongozi walikaa mbele chini ya paa, kwaya zikaimba, na simu nyingi zikainuliwa juu kurekodi. Faustina hakuwepo, Eveline alimwalika kwa simu bila kusema banda linajengwa wapi hasa, na mama akasema magoti yanamsumbua. Silvester alikuwepo. Kamati haikuweza kumwacha mzee wa mji, ikampa kiti cha mbele na nafasi ya kutoa salamu.

Aliongea vizuri, mzee yule. Aliusifu mji, akawasifu vijana. Kisha akasema banda hili ni mtoto, na mama yake ni baraza iliyoko nyuma ya ukuta huu, kwa sababu pale barazani, tangu ajenge, hajawahi kumfukuza mtu wala kumdhalilisha mtu. Watu wakapiga makofi. Wazee nao wakapiga makofi, na Eveline aliwaona wakipiga.

Alipoitwa kama mchoraji kusema machache, alikuwa ameandaa sentensi za kushukuru kamati na mafundi. Alishukuru kamati, akashukuru mafundi. Halafu sauti yake ikaendelea yenyewe, haikupanda wala haikutetemeka.

"Mimi naitwa Eveline Kikoti. Ni mtoto wa Faustina, fundi cherehani wa baraza ya Mzee Silvester. Waliokuwepo siku ya mnada ule wanajua mama yangu alivyoondoka. Wasiokuwepo nitawaambia."

Akawaambia. Aliwaambia habari za jora, za kanga ya juu na kanga ya chini, za shimizi, za cherehani topeni, za magauni ya Pasaka. Hakuacha kitu. Alimtazama Silvester wakati wote, na akaona kile alichokuwa akikisubiri tangu utoto: kumbukumbu halisi ikirudi kwenye uso wa mzee, ikiisukuma ile ya kujitungia, mpaka mdomo ukaachama. Akapata utamu ambao hajawahi kuupata. Hakuna haja ya kuficha, ulikuwa utamu.

Bati lilisikika likitanuka kwa jua. Kisha mzee Saulo, aliyekuwa mbeba mizigo wa duka enzi zile, alisimama akavua kofia. "Ni kweli," akasema. "Jora nilitoa mimi nyuma ya chumvi. Nilimwambia bosi, akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza."

Silvester aliinuka. Nyumbani kwake palikuwa mgongoni mwake tu, hatua chache, lakini upande ule haukuwa na mlango. Ilimbidi apite mbele ya viongozi, mbele ya kwaya, mbele ya benchi zote hadi mwisho wa banda, azunguke pembe ya ukuta, ndipo arudi kwake. Watu walikunja miguu kumpisha. Hakuna aliyemshika mkono. Koti la kijani lilikuwa linaburuzika, na simu zilimfuata njia nzima.

Jioni Eveline alirudi Iringa mjini kulala, akala vizuri na kulala vizuri. Asubuhi alikuta simu ya kaka yake. Kasian alikuwa anaishi na mama yao Idodi, na hakuwa mtu wa kupiga simu mapema.

"Video imefika huku," Kasian alisema. "Ipo kwenye kila simu. Wanawake wa jumuiya wamekuja asubuhi kumpa mama pole. Njoo."

Alifika mchana, jua la Idodi likichoma. Faustina alikuwa uani anapepeta mpunga. Hakunyanyua macho. Eveline alimsalimia, akaitikiwa kwa kifupi kama mpita njia. Akakaa kwenye gogo. Ungo ulipanda na kushuka, makapi yakaruka, na binti akaanza kujieleza: kwamba mzee yule alikuwa anajisifu mbele ya watu, kwamba haki ilikuwa inazikwa, kwamba sasa mji mzima umejua nani alikuwa mwizi wa heshima.

"Nilifanya kwa ajili yako, mama."

Faustina akaweka ungo chini.

"Hukuniuliza," akasema. "Kule Ihelanga waliokuwepo wamezeeka, wengi wamekufa. Jambo lile lilikuwa linakufa nao. Mimi hapa nilikuwa mama Faustina. Leo asubuhi mtoto wa jirani ameniangalia kiunoni kabla hajaniamkia." Alipangusa vumbi la mpunga usoni. "Silvester alinivua mbele ya mji mmoja. Wewe umenivua mbele ya nchi nzima, tena mimi sipo hata wa kujifunga kanga."

Eveline alitaka kumshika mama yake mikono, ile mikono, lakini Faustina alikuwa ameshauchukua ungo. Eveline aliondoka Idodi bila kuambiwa kwaheri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa namna ambayo Eveline hakuichora. Wiki kadhaa zilipita. Kasian akampigia tena, akampa habari ambayo Eveline alimtaka airudie mara mbili. Silvester alikuwa ameshuka Idodi. Alikuja na mzee Saulo na katekista, akasimama nje ya uzio na kofia mkononi. Faustina alimwacha asimame juani mpaka alipomaliza kusonga ugali, akala, akaosha vyombo, ndipo akatoka. Mzee alipiga magoti, kwa shida, ikabidi Saulo amsaidie. Aliomba msamaha kwa maneno machache, bila kujitetea. Faustina alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amesikia na amesamehe, na aende salama kwa kuwa jua ni kali kwa mtu wa milimani. Akawapa maji ya kunywa.

Eveline alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, Mwanjelwa yote ikipiga kelele chini yake.

"Amemsamehe," alisema.

"Amemsamehe."

"Na mimi?"

"Wewe hajakutaja, dada."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na lilimuuma kwa pande mbili. Upande mmoja alikuwa mtoto aliyefungiwa mlango na mama yake. Upande mwingine alimwonea wivu Silvester. Yeye aliyebeba kisa kile maisha yake yote alikuwa nje, na aliyekitenda alikuwa ameingia uani akapewa maji. Alimtumia mama yake vitenge, vikapokelewa bila neno. Krismasi alikwenda Idodi. Alipewa chakula, akapewa kitanda, akaitwa Eveline badala ya mwanangu. Faustina hakuwa mtu wa kupiga kelele. Binti huyu alijua upole wake ameurithi wapi.

Ihelanga, kwa upande wake, ilipona. Maduka mawili yaliyofungwa yalifunguliwa tena. Siku za soko banda lilijaa mpaka pembeni, na mafundi cherehani watatu walikaa kwenye kona ya mashariki ambako mwanga ni mzuri. Vijana wenye harusi walipanga zamu za kulitumia. Kilichowasumbua watu ni kitu kimoja tu, na ndicho mama Verediana alichomwitia Eveline mwaka uliofuata, baridi imerudi. Waliotoka upande wa kusini, pamoja na akina mama wenye ndoo kichwani na wagonjwa wanaotoka zahanati, walilazimika kuzunguka banda zima. Kamati iliomba ukutani pakatwe mlango. Mdogo tu.

Eveline aliukagua ukuta. Alizipapasa tofali zake, akarudi nyuma akautazama. Aliyeuchora ni yeye, alijua kila tofali lililomo. Mlango ungewezekana mahali pawili bila shida yoyote, na fundi wa kawaida angeumaliza upesi.

"Haukatwi, mama," alimwambia Verediana. "Ndio unaobeba paa. Ukiutoboa, upepo utaleta maafa."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika jengo lile. Verediana alimtazama kwa macho ya nesi aliyeona wagonjwa wengi wakisema hawaumwi popote. Hakubishana. Alisema tu kwamba watauliza tena mwaka kesho.

Eveline alizunguka pembe ya banda kuelekea gari lilikoegeshwa. Barazani, ndani ya kivuli, Silvester alikuwa amekaa peke yake, koti limefungwa hadi shingoni, mikono imeingia kwapani. Alipomwona alijaribu kusimama, akainua kofia. Alikuwa amesamehewa na mwenye haki ya kusamehe, na uso wake ulikuwa na amani ya namna fulani ambayo Eveline hakuwa nayo. Eveline hakumwitikia. Alipita, akahisi ule ubaridi wa kivuli ukimgusa naye mabegani, akahisi pia moyo wake ukifurahi kumwona mzee akitetemeka. Hakuukemea. Akawasha gari, akashika njia ya Mbeya.